Kati ya Gia ya Pili na ya Tatu

Oiva amekataa kushuka garini.
Amebaki na redio na bega lake,
bega lililopasuliwa mwezi Machi likashonwa
kwa uzi ambao daktari aliusifu kuliko mfupa.
"Nenda wewe. Mimi sinunui mkono dukani."

Basi nimeingia peke yangu, hapa Nurmes,
na uzi wa kufumia soksi mfukoni, una mafundo mawili:
la kwanza, ukingo wa tezi;
la pili, pale maji yalipofika
mashua ilipotubeba sote, na mbwa, na chupa ya kahawa.

Kijana Eemeli, jina limeshonwa kifuani,
ameupima uzi wangu kwa futi ya chuma, hakucheka.
Nimempenda kwa hilo.
"Arobaini na moja. Ongeza thelathini,
rafadha izame, isitafune hewa mawimbi yakipanda.
Chukua fimbo ndefu, mama."

Nguvu ya mota, kumbe, hupimwa kwa ratili
kama sukari ya enzi ya bibi yangu.
Ipo ya thelathini. Ipo ya hamsini na tano.
Ipo ya themanini, inataka betri mbili na mkoba wa waziri.
Ipo ya kufungwa omo, inazungumza na setilaiti:
ukiiambia simama, inasimama papo hapo,
upepo upende usipende.
"Hii haihitaji mtu," akasema kwa fahari.
Nikatazama dirishani. Gari lile. Kofia ile.

Nikauliza nililokuja kuuliza:
"Ipi inakwenda kama mume wangu?"

Ilibidi nimweleze.
Miaka thelathini na nane kwenye Pielinen,
yeye makasiani, mimi tezini na mshipi,
ananitazama mimi, hatazami tuendako,
usiku wa Julai usiokubali kuwa usiku.
Mwendo wa mtu anayemsindikiza mgeni
asiyetaka aondoke.
Kuha, yule samaki wa macho ya kioo,
hafuati chambo chenye haraka.

Eemeli akakuna shingo.
Akaleta ya bei nafuu, ya gia tano. Nikaizungusha:
ya pili inasinzia, ya tatu inakimbia deni.
Oiva yuko katikati, pale pasipo na namba.
Akaleta nyingine, ya ratili hamsini na tano,
kitasa chake kinateleza tu, hakina ngazi.
"Hii," nikasema, "lakini betri?"

Ya risasi, kilo ishirini na tano.
Kutoka banda la sauna hadi gatini ni hatua tisini na mbili,
na mwenye mabega mawili mazima ni mbwa.
Ya lithiamu naibeba kama mtoto wa jirani,
ila bei yake imeizidi mota yenyewe.
Nikalipa. Stakabadhi nikaikunja mara nne.

Jumamosi tukabadilishana viti.
Oiva tezini, mkono wa kushoto kwenye usukani,
mimi mbele, nimemgeukia, kwa mazoea.
Kimya. Kimya hadi nikasikia mshipi ukipasua maji.
Tukapita jabali, tukapita matete, tukarudi.
Hakuna samaki.
"Inavuta kama tarishi," akasema, "haipumui."

Kweli. Kasia likivuta, chambo huinuka;
kasia likirudi, chambo huzama kidogo,
hujifanya kinakata tamaa,
na hapo ndipo kuha husadiki.
Nilikuwa nimenunua mwendo, nikasahau pumzi.

Hakuniambia alichoamua kufanya.
Niliona tu kidole gumba chake juu ya kitasa:
mbele kidogo, nyuma kidogo,
mbele, nyuma,
na midomo inahesabu vilevile ilivyohesabu
kabla ya kisu cha Machi.
Lile bega bovu nalo, chini ya koti,
likawa linaitikia.

Makasia yapo sakafuni, hajayatoa.
Sijamuuliza.
Fimbo yangu imepinda.